MATUSI YA RANGI: NANI ANA RUHUSA YA KUYATAMKA?

Bunduki hufungiwa ghalani. Huhesabiwa asubuhi na jioni, na kila risasi hutolewa kwa sahihi. Ulimi hauna ghala. Askari huchukua ulimi wake zamuni na likizoni, kwenye kizuizi cha barabara na kwenye kantini, na hakuna sajini wa kuuhesabu arudipo. Ndiyo sababu wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Katika makala haya tutazungumza juu ya aina moja ya maneno yanayokwaza ulimi, nayo ni matusi ya rangi na ya asili. Swali linaloulizwa mara kwa mara juu ya matusi hayo ni hili: kwa nini neno lile lile, likitamkwa na mtu mmoja, huchekewa, na likitamkwa na mwingine humfikisha mahakamani? Je, huko si kupima kwa mizani mbili? Askari anastahili jibu la swali hilo kuliko watu wengi wengine, kwa sababu yeye ndiye anayeitwa watu wanapotukanana, yeye ndiye anayetukanwa akifika, na mara nyingine, tuseme kweli, yeye mwenyewe ndiye mtukanaji.

KISA CHA JOHANNESBURG

Mwezi Februari mwaka 2016, kaskazini mwa jiji la Johannesburg, Afrika Kusini, wezi walivunja kioo cha gari la mwanamke mmoja wa Kizungu, dalali wa nyumba, wakamwibia. Askari polisi Mwafrika alifika kumsaidia. Mwanamke yule alikataa msaada wa mtu mweusi, akaanza kumtukana askari huyo na wenzake, pamoja na wale waliopokea simu yake katika kituo cha dharura. Neno alilolitumia ni "kaffir". Mahakamani ilielezwa kwamba alilitamka mara 48.

Mwezi Machi 2018 mahakama ya hakimu ya Randburg ilimtia gerezani. Hukumu ilikuwa kifungo cha miaka 3, mwaka mmoja kati ya hiyo ukiwa umesimamishwa, kwa makosa manne ya kuvunja heshima ya mtu kwa makusudi, kosa ambalo sheria ya nchi hiyo hulitambua kwa jina la Kilatini la crimen injuria. Mwaka uliofuata rufaa yake ilitupwa.

Yafaa askari msomaji atue hapa kidogo. Polisi waliotukanwa siku ile walikuwa na pingu, virungu na bunduki. Kama mmoja wao angalimpiga kofi mwanamke yule, kesi ingaligeuka: mshtakiwa angalikuwa polisi, na yale matusi 48 yangalitajwa kwa upande tu, kama sababu ya hasira. Lakini kwa kuwa walizuia mikono yao, maneno yenyewe yalibaki kuwa ushahidi, na ushahidi huo ulitosha.

SAFARI YA NENO

Kila msomaji wa Kiswahili atakuwa ametambua kwamba neno hilo si geni kwake. Ni "kafiri", neno la Kiarabu lenye maana ya mtu asiyeamini, ambalo limekaa katika lugha yetu kwa karne nyingi. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani ya mashariki ya Afrika walilitumia kwa watu wa bara wasiokuwa wa dini yao. Wareno walipofika katika pwani hiyo mwishoni mwa karne ya 15 walilisikia, wakaliita "cafre", wakawapa jina hilo watu weusi kwa jumla. Waholanzi na Waingereza nao wakalichukua. Huko kusini liliwahusu kwanza Waxhosa na jirani zao, hata vita walivyopigana na walowezi kati ya mwaka 1779 na 1879 vikaandikwa vitabuni kwa jina hilo. Katika soko la hisa la London, hisa za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ziliitwa hivyo pia, kana kwamba ni jina la bidhaa.

Basi neno lililoanza kuwa la dini likawa la kabila, kisha la rangi. Chini ya utawala wa makaburu likawa ndilo neno lililosikika polisi wakigonga mlango usiku kudai pasi. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa hivyo na kijana wa miaka 20 mwenye sare. Kwa sababu hiyo neno hilo halikubaki kuwa neno tu. Liliambatana na kofi, na safari ya garini kuelekea kituoni.

Mwezi Novemba 2016 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, chini ya Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng, iliamua kesi ya mtumishi wa idara ya kodi aliyekuwa amemwita mkubwa wake wa kazi neno hilo mwaka 2007. Miaka 9 ilikuwa imepita, lakini mahakama haikuona kuwa muda umelipunguza uzito. Ilieleza kwamba hilo ni tusi baya kuliko yote ambayo Mwafrika angeweza kutupiwa katika nchi ile.

Hata hivyo, katika kisiwa cha Sri Lanka wako watu wachache, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko na wakoloni, ambao hujiita wenyewe kwa neno hilo hilo bila haya, na hulitaja kama jina la ukoo wao. Ni herufi zile zile, ila historia yake ni nyingine. Kwa hiyo anayedai kwamba neno ni sauti tu itokayo kinywani amekosea, na anayedai kwamba sumu imo ndani ya herufi zenyewe naye amekosea. Uzito wa neno hutoka katika yale waliyotendewa watu huku wakiitwa nalo.

UTANI UNA SHERIA ZAKE

Sasa turudi kwenye swali la mizani mbili. Katika Marekani kuna neno lianzalo kwa herufi N ambalo wengi wetu tumelisikia katika sinema na nyimbo. Hapana haja ya kuliandika hapa. Vijana weusi wa huko huitana kwa neno hilo kama vile sisi tuitanavyo "ndugu". Mzungu akilitamka, kazi yake inaweza kwenda siku hiyo hiyo. Wengi huuliza: haki iko wapi?

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna njia nyepesi ya kulielewa jambo hili, maana tunao utani. Mpare na Mchaga waweza kutaniana hata msibani, kwa maneno ambayo mgeni akiyasikia atadhani watashikana mashati. Lakini mgeni huyo akijaribu kuyarudia, hapo ndipo mashati yatashikwa kweli. Hakuna anayeuona huo kuwa ni upendeleo. Utani una masharti: wanaotaniana wako sawa, kila mmoja anatukana na kutukanwa, na nyuma ya maneno hayo pana msaada, kwani mtani ndiye anayesaidia kuzika. Tusi la rangi halikuwa na hata sharti moja kati ya hayo. Lilikwenda upande mmoja tu, likitoka kwa mwenye nguvu, na aliyeitwa hakuwa na ruhusa ya kujibu.

Kwa hiyo mtu anapolichukua neno alilopigwa nalo, akalifanya la mzaha kati yake na ndugu zake, yeye anajaribu kulivunja makali. Mwanamuziki wa Afrika Kusini Arthur Mafokate alitoa mwaka 1995 wimbo wa mtindo wa kwaito uliobeba neno lile la makaburu kuwa jina lake. Aliliweka pale ili kumwambia bwana wa Kizungu kwamba hataki tena kuitwa hivyo. Huwezi kulinganisha kazi hiyo na ya yule aliyelitamka mara 48 barabarani.

Lakini isidhaniwe kwamba wenye neno wenyewe wamekubaliana. Mchekeshaji mweusi wa Marekani, Richard Pryor, alilitumia neno la N miaka mingi, hata majina ya albamu zake mbili za miaka ya 1970 yalikuwa nalo. Mwaka 1979 alisafiri hadi Kenya. Aliporudi alisimulia hadharani, na katika filamu yake ya mwaka 1982 akarudia, kwamba huko aliona watu weusi wakifanya kila kazi ya nchi yao, akatazama huku na huku, asimwone hata mmoja ambaye neno lile lilimfaa. Tangu hapo alisema hatalitumia tena. Mwezi Julai 2007, katika mji wa Detroit, chama cha NAACP, ambacho ni chama kikongwe cha kutetea haki za watu weusi nchini humo, kilifanya mazishi ya neno hilo, kwa jeneza lililokokotwa na farasi. Wanamuziki wengi hawakuhudhuria matanga, na neno lingali hai.

Mahakama nazo zimesema lao. Mwaka 2013 katika New York, mkuu wa shirika moja, mwenye asili ya Kiafrika, alishtakiwa na mfanyakazi wake mweusi kwa kumwita neno hilo mara nyingi alipokuwa akimkaripia. Mkuu huyo alijitetea kwamba kati yao watu weusi neno hilo huweza kuwa la mapenzi. Jopo la raia lililosikiliza kesi halikukubali. Mfanyakazi alipewa fidia ya dola 250,000, mbali na adhabu nyingine. Jibu la jopo hilo lina maana kubwa kwa watu wa amri. Yule mkuu na mfanyakazi wake walikuwa wa rangi moja, lakini hawakuwa sawa. Mmoja aliweza kumfukuza mwenzake, na mwenzake hakuweza kumjibu. Pasipo usawa hapana utani.

NENO LIKIFIKA KORTINI

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi huchanganywa na hili: kulitumia tusi na kulitaja tusi. Anayelitumia humtupia mtu. Anayelitaja hueleza kwamba limesemwa.

Mwezi Oktoba 2019, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, mlinzi mweusi wa shule ya sekondari alikuwa akimtoa nje mwanafunzi mkorofi. Mwanafunzi alimtukana kwa neno la N. Mlinzi akamwambia asimwite hivyo, na katika kusema, akalitamka neno lenyewe. Shule ilikuwa na kanuni kwamba mtumishi yeyote atakayelitamka ataachishwa kazi, kwa sababu yoyote ile. Mlinzi akafukuzwa. Wanafunzi wengi waliandamana mitaani kumtetea, na baada ya siku chache alirudishwa kazini. Kanuni ile ilitungwa kwa nia njema, lakini kwa kukataa kutazama nani amesema nini kwa nani, ilimwadhibu aliyetukanwa.

Suala hili lilijadiliwa mbele ya dunia nzima mwaka 1995 mjini Los Angeles, katika kesi ya mauaji ya O. J. Simpson. Upelelezi Mark Fuhrman alikuwa shahidi wa polisi. Mawakili wa utetezi walitaka kumwuliza kama alikuwa na tabia ya kutumia neno la N. Mwendesha mashtaka Christopher Darden, mtu mweusi, aliiomba mahakama ilizuie neno hilo lisitamkwe, kwa hofu kwamba likisikika litawapofusha waamuzi weusi wasione ushahidi mwingine. Wakili wa utetezi Johnnie Cochran, naye mtu mweusi, alijibu kwamba kusema hivyo ni kuwadharau watu weusi, ambao huishi na matusi kila siku na bado hufanya kazi zao kwa akili timamu.

Neno likaruhusiwa. Fuhrman aliapa kwamba hakuwa amelitumia katika miaka 10 iliyopita. Baadaye zikapatikana kanda ambamo sauti yake ilisikika ikilitamka tena na tena, akizungumza na mwandishi wa michezo ya sinema. Mwezi Oktoba 1995 Simpson aliachiwa huru, na mwaka uliofuata Fuhrman hakupinga shtaka la kusema uongo chini ya kiapo. Wengi wameandika juu ya kesi ile, na sababu za hukumu zilikuwa nyingi. Lakini hili moja liko wazi: upelelezi wa mauaji ya watu wawili uliingia doa kwa sababu ya maneno ambayo polisi mmoja aliyasema faraghani, akidhani hayamhusu mtu.

UTANI WA KAMBINI

Askari wengi watasema kwamba kambini mambo ni mengine. Humo kila mtu ana jina la utani, na asiyeweza kutaniwa hafai kuishi na wenzake. Dai hilo lina ukweli ndani yake, na lina hatari ndani yake pia.

Mwezi Januari 2009 gazeti moja la Uingereza lilitoa picha za video zilizopigwa mwaka 2006, ambamo Mwanamfalme Harry, wakati huo akiwa ofisa mwanafunzi, alisikika akimwita mwenzake kutoka Pakistan kwa kifupisho cha jina la nchi yake. Katika Uingereza kifupisho hicho ni tusi, kwa kuwa ndicho kilichopigiwa kelele na makundi ya vijana walipokuwa wakiwapiga wahamiaji wa Asia barabarani katika miaka ya 1970. Ikulu ilieleza kwamba mwanamfalme hakuwa na nia mbaya, na kwamba lilikuwa jina la utani la mtu aliyependwa katika platuni. Hata hivyo aliomba radhi. Watu waliuliza swali lenye busara: yule mwenzake angalikuwa hakupendezwa, angalimwambia nani? Aliyemwita alikuwa mjukuu wa Malkia, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi. Kucheka kwa mdogo mbele ya mkubwa si ushahidi kwamba amekubali.

Mwezi Oktoba 2003 televisheni ya BBC ilikuwa imekwisha kuonyesha mwisho wa njia hiyo. Mwandishi Mark Daly alijiunga na polisi kama kuruta, akafanya mafunzo katika chuo kimoja karibu na Warrington, akiwa na kamera ya siri. Aliwarekodi makuruta wenzake wakitumia neno lile lile kwa watu wa Asia, na mmoja akijivika kofia ya kundi la Ku Klux Klan. Darasani walikuwa wakijibu vizuri maswali yote juu ya usawa wa raia. Baada ya kipindi kuonyeshwa kadhaa kati yao walijiuzulu. Hayo yalitokea miaka 4 tu baada ya ripoti ya Sir William Macpherson ya Februari 1999, juu ya kuuawa kwa kijana mweusi Stephen Lawrence, kusema kwamba polisi wa London walikuwa na ubaguzi uliojengeka ndani ya chombo chenyewe. Maneno ya bwenini hayaishii bwenini. Kuruta wa leo ndiye atakayeamua kesho ni gari la nani lisimamishwe.

MIZANI ISIPENDELEE

Je, yote haya yana maana kwamba mtu aliyeonewa anaweza kusema lolote juu ya aliyemwonea? Sivyo. Mwezi Januari 2016 mwanamke mmoja wa Kizungu katika Afrika Kusini aliandika mtandaoni akiwafananisha Waafrika waliokwenda ufukweni na nyani. Mahakama ya Usawa ilimtoza randi 150,000. Mtumishi mmoja Mwafrika wa serikali ya jimbo la Gauteng, kwa hasira, akajibu kwa kuandika kwamba Wazungu wanastahili kufanyiwa yale ambayo Hitler aliwafanyia Wayahudi. Tume ile ile ya haki za binadamu iliyoshughulikia matamshi ya Kizungu ilimfikisha huyu naye mbele ya Mahakama ya Usawa, na mwaka 2018 mahakama ilitamka kwamba maneno yake yalikuwa matamshi ya chuki. Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Kulichukua tusi lako mwenyewe na kulifanyia mzaha ni jambo lako. Kuitisha mauaji ya wengine si lako, hata ukiwa umeonewa namna gani.

Mahakama za nchi hiyo zimefundisha pia kwamba askari asikamate herufi peke yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba mfanyakazi wa mgodi wa Rustenburg aliyemwita mwenzake "mtu mweusi", kwa Kiafrikana, katika ugomvi wa mahali pa kuegesha gari, alistahili kufukuzwa kazi. Maneno hayo si tusi katika kamusi yoyote. Lakini mwenzake alikuwa na jina, na namna alivyotajwa ilikuwa ya kumdhalilisha. Kwa upande mwingine, mwezi Julai 2021 mahakama hiyo hiyo iliamua, katika kesi ya mwandishi Jon Qwelane, kwamba neno kuumiza hisia peke yake hakutoshi kulifanya kuwa matamshi ya chuki kisheria. Polisi si mlinzi wa hisia za kila mtu. Maneno machungu na maneno ya jinai si kitu kimoja, na anayevichanganya hugeuka kuwa chombo cha kunyamazisha watu.

NYUMBANI KWETU

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, kana kwamba hizi ni habari za Johannesburg na Los Angeles. Lakini Kiswahili chetu hakina mikono safi. Neno "mshenzi", ambalo makuruta wengi wamelisikia asubuhi ya kwanza ya gwaride, pwani lilikuwa jina la mtu wa bara, asiye na mji wala dini, ambaye angeweza kukamatwa akauzwa. Wakoloni wakalipenda upesi.

Askari wa Uganda waliokwenda Somalia tangu Machi 2007 chini ya bendera ya Umoja wa Afrika walikutana na neno la kafiri katika sura yake ya Kisomali. Wapiganaji wa al-Shabaab waliwaita "gaalo". Huko huko, katika mabonde ya mito Juba na Shabelle, wako Wasomali wenye asili ya Kibantu, wengi wao wakiwa wazao wa watu waliouzwa kutoka pwani yetu katika karne ya 19. Jirani zao wamezoea kuwaita "adoon", yaani watumwa, na "jareer", yaani wenye nywele ngumu. Baadhi yao wamelichukua neno "jareer" wakalifanya jina la kujivunia. Askari mgeni aliyesikia wakijiita hivyo asidhani amepewa ruhusa naye ya kuwaita.

Na hapa Uganda, tukumbuke mwezi Agosti 1972, wakati Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Kabla ya amri hiyo kulikuwa na miaka mingi ya maneno. Wako Waasia waliowaita watumishi wao wenye ndevu "boi", na wako Waafrika waliowasema Waasia wote kuwa wanyonyaji. Kila upande uliyahesabu matusi ya mwenzake, ukasahau yake. Amri ilipotoka, wapo askari waliowanyang'anya mali wasafiri kwenye vizuizi vya barabara, maana mtu ambaye jina lake limegeuzwa kuwa tusi haonekani kuwa raia wa kulindwa. Lakini tukumbuke pia Aprili 2007, wakati maandamano ya Kampala juu ya msitu wa Mabira yalipogeuka kuwa fujo, na kundi la watu likamwua Mwasia mmoja. Siku hiyo polisi waliwaokoa Waasia wengine kutoka mikononi mwa umati.

Jirani zetu wamelipa gharama kubwa zaidi. Nchini Rwanda redio ya RTLM, iliyoanza mwaka 1993, iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, hadi watu wakazoea kusikia hivyo. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri mmoja wa gazeti. Nchini Kenya, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuchungwa, likiwamo "madoadoa", neno la kawaida kabisa la Kiswahili, kwa kuwa lilikuwa limetumika kuwataja watu wa makabila mengine kama madoa ya kufutwa.

ADABU YA ASKARI

Kanuni za maadili zilizotungwa na wapiganaji wa NRA msituni, na baadaye kuingizwa katika sheria, zinaanza kwa katazo la kumtukana, kumfokea au kumpiga raia. Tusi limewekwa mwanzoni, pamoja na kipigo, na waliofanya hivyo walikuwa wameona vita. Kutokana na katazo hilo, na visa tulivyovieleza, twaweza kutoa adabu chache zinazofaa kambini na kituoni.

Askari atukanwapo kwa rangi au kabila lake, asijibu kwa tusi wala kwa fimbo. Asikilize, akumbuke, aandike. Tusi lililoandikwa humshtaki mtukanaji. Tusi lililojibiwa huwashtaki wote wawili.

Anapoandika maelezo ya shahidi, aliandike neno kama lilivyosemwa, katika lugha iliyosemwa, ndani ya alama za mtajo. Hakimu hawezi kupima neno lililofichwa. Lakini akisoma maelezo hayo mbele ya watu, alitaje mara moja inapohitajika, si zaidi. Asimkaripie mlalamikaji kwa kulitamka alipokuwa akieleza alivyotukanwa.

Anapomweleza mshukiwa kwa redio, ataje rangi au asili ikiwa inasaidia kumtambua, pamoja na kimo, mavazi na njia aliyokimbilia. Mshukiwa akishakamatwa na kutoa jina, aitwe kwa jina lake.

Mkubwa asimtanie mdogo kwa asili yake, kwa sababu mdogo hawezi kurudisha. Askari wawili wa cheo kimoja, waliopatana, watajijua wenyewe mahali pao pa mapumziko. Lakini wakiwa katika sare, mbele ya raia, hata wao wanyamaze. Raia hasikii utani. Husikia serikali ikisema.

Mwisho, kamanda apime kwa kipimo kimoja. Akimwadhibu askari wa kabila moja kwa neno fulani, na kulipuuza neno kama hilo kutoka kwa askari wa kabila lake mwenyewe, atakuwa ameigawa platuni kwa ufanisi kuliko adui yeyote. Hiyo ndiyo mizani mbili ya kweli. Ile ya aliyejeruhiwa kucheka na jeraha lake tumekwisha kuieleza.

Raia anayesimamishwa usiku kwenye kizuizi cha barabara hajui jina la askari aliye mbele yake. Hajui kabila lake wala dini yake, na hawezi kuuona moyo wake. Anachokijua ni sare anayoiona kwa mwanga wa taa za gari, na neno la kwanza linalomtoka askari huyo kinywani.